TAHADHARI: Kuna mtu anauza mikoba kwa jina letu na logo yetu, huyo SI SISI

Jamani naomba msome hii mpaka mwisho, na kama kuna ndugu au rafiki yako amewahi kuulizia mikoba yetu mtumie na yeye aione. Kuna mtu hatumjui, hatujawahi kufanya naye kazi wala si wakala wetu, amechukua jina la kampuni yetu na logo yetu, kafungua peji, anapokea oda na anapokea hela za watu halafu mzigo hatumi. Mpaka leo waliokuja kwetu wakidhani sisi ndio tumekula hela yao ni kumi na moja, na hao ni wale waliotufikia tu.

Kabla sijaeleza chochote, shikeni hili. Sisi tuna namba moja ya simu, ile iliyochapwa kwenye kitambaa cha ndani cha kila mkoba tangu tumeanza, na malipo yanaingia kwenye akaunti yenye jina la kampuni basi. Ukiambiwa tuma kwa jina la mtu, sijui mhasibu, sijui mke wa bosi, sijui laini ya kampuni ina shida leo, usitume.

Nilivyojua ni hivi. Jumatatu asubuhi nafungua simu nakuta meseji ya mama mmoja simjui, ndefu, ya mtu aliyechoka kabisa. "Dada hii wiki ya tatu mnanizungusha, kila siku kesho, kila siku kesho, mimi mkoba siutaki tena nirudishieni tu hela yangu." Nikaenda kwenye daftari la oda maana kila oda naiandika kwa mkono, nikapekua miezi mitatu nyuma, jina lake hamna. Nikamjibu kwa upole, mama samahani naomba unitumie risiti. Akanitumia skrinshoti. Nguvu zote ziliniisha pale pale. Logo yetu. Jina letu, ila mbele kaongeza neno la kuonyesha kwamba eti yeye ndio halisi. Na picha ya mkoba aliotumiwa achague ni picha niliyoipiga pale dirishani kwangu, mkono ulioshika ule mkoba ni mkono wangu, kidoleni kuna kastabini yangu ya shaba iliyobonyea ubavuni. Mtu ananiibia mpaka mkono wangu anauzia.

Nikamwambia mama, hao si sisi. Akaniuliza, "Sasa kama si nyie mbona ni nyie?" Sikuwa na la kumjibu. Lile swali limenikaa moyoni mpaka leo kwa sababu yeye hakufanya uzembe wowote, aliona jina analolijua, akaona alama anayoijua, akaamini, na ile imani tumeijenga sisi kwa miaka saba tukishona usiku na mchana halafu mtu kaja kaitumia kumwibia mama wa watu.

Sasa namna ya kumtambua. Logo yetu ni sindano na uzi unaozunguka mpaka kuingia kwenye tundu la sindano. Kijana aliyetuchorea mwanzoni alikosea kidogo, uzi ukaishia kabla ya kufika kwenye tundu, pana pengo dogo kama unene wa ukucha. Tukaitumia hivyo hivyo miaka mingi, miaka miwili iliyopita ndio tukairekebisha, sasa uzi unaingia mpaka ndani. Huyu mtu anatumia ile ya zamani. Ikuze picha kwa vidole viwili uangalie pale karibu na tundu, ukiona uzi umeishia njiani funga peji. Ila najua akiisoma hii anaweza kubadilisha kesho kwa hiyo msitegemee hilo peke yake.

Kitu kilichonisaidia zaidi ni hiki. Nilichukua laini ya dada yangu nikajifanya mteja. Alinijibu chini ya dakika mbili, lugha tamu sana, akaniambia zimebaki mbili tu na kuna mtu mwingine anaitaka nilipe yote sasa hivi aniwekee. (Sisi hatujawahi kuchukua hela yote kabla, ni nusu ukiweka oda na nusu ukipewa picha ya mkoba wako uliokwisha.) Nikamwambia sawa nalipa, ila naomba picha ya huo mkoba ukiwa wazi ndani, weka na kikaratasi kimeandikwa jina langu na tarehe ya leo. Kimya. Baada ya robo saa akasema fundi ametoka. Nikamwambia nasubiri arudi. Akaniblok. Mwenye mali kweli hashindwi kuandika kikaratasi, ni kazi ya nusu dakika, kwa hiyo hiki kipimo kitumieni kwa muuzaji yeyote mtandaoni hata sisi tuombeni tutawatumia.

Vingine vya kucheki ni vya haraka. Peji ya Facebook ina sehemu ya uwazi wa peji, inaonyesha ilifunguliwa lini na kama iliwahi kubadilishwa jina. Peji yake ilifunguliwa na jina lingine kabisa, ilikuwa ya kuuza simu, ndio maana ina wafuasi wengi, na komenti zote kazima. Ukitilia shaka picha itafute kwa Google Lens au TinEye uone ilishatokea wapi kabla. Ya kwangu ilitokea kwenye peji yetu miaka minne nyuma.

Baadaye kumbe kafungua mpaka tovuti. Anwani yake ni jina letu kalitia kistari katikati, ukisoma haraka huoni. Wengine wanafanya vibaya zaidi, wanachukua herufi ya alfabeti ya Kirusi inayofanana kabisa na "a" yetu, kwa macho huwezi kutofautisha hata ukodoe vipi, ndio maana anwani ya duka bora uiandike mwenyewe kuliko kubonyeza linki uliyotumiwa. Na kale ka kufuli kanakotokea kwa baadhi ya simu na kompyuta juu pembeni ya anwani, watu wengi wameniambia "lakini ilikuwa na kufuli". Kufuli linasema tu kwamba unachoandika hakisomwi na mtu wa katikati kikiwa njiani. Halisemi aliye upande wa pili ni mwaminifu, na cheti chake siku hizi kinapatikana bure kwa yeyote, tapeli naye anacho.

Tarehe ya kusajiliwa anwani ya tovuti unaweza kuiona bure kwenye ukurasa wa kutafutia wa ICANN, wale wanaosimamia mfumo wa majina ya intaneti. Ya kwetu ina miaka saba, ya kwake haikufika hata siku arobaini. Jina la mwenye nayo utalikuta limefichwa, tangu Mei 2018 sheria ya Ulaya ya kulinda taarifa za watu ilipoanza kazi majina mengi yamefichwa, lakini kampuni iliyomsajilia inaonekana na lazima iwe na barua pepe au fomu ya kupokea malalamiko. Nimewaandikia. Kampuni inayohifadhi tovuti nayo nimeiandikia, ni nyingine tofauti, mimi nilidhani ni hao hao nikapoteza siku tatu.

Hapa naomba wenye biashara ndogo wenzangu mnisikilize, maana mimi nilikosea na kosa lilinigharimu. Hasira zilivyonipanda kitu cha kwanza nilichofanya ni kuripoti peji na kuwaambia watu wote waripoti. Peji ikaondolewa siku ya pili. Nikafurahi. Baada ya siku nne akarudi na peji mpya jina lile lile, na mimi mkononi sina kitu, mazungumzo, namba za malipo, oda za watu kwenye komenti za zamani, vyote vimeondoka na ile peji. Polisi wananiuliza ushahidi naonyesha skrinshoti mbili ambazo hata anwani ya juu haionekani. Kwa hiyo kwanza hifadhi. Piga skrinshoti ikionyesha anwani nzima na saa na tarehe, rekodi skrini ukiwa unashuka peji yote, nakili linki ya peji yenyewe maana jina anaweza kubadilisha, na kama ni tovuti ihifadhi pia kwenye Wayback Machine ya Internet Archive, pale unaweka anwani wanapiga nakala yenye tarehe ambayo wewe huwezi kuichezea. Baada ya hapo ndio uripoti.

Na ukiripoti usibonyeze tu ile sehemu ya "anajifanya mtu mwingine" ukaacha. Tafuta fomu ya alama ya biashara au ya hakimiliki, mimi kwa ile peji ya pili sehemu ya kawaida ilinijibu mara mbili kwamba hawajaona kosa. Fomu ya alama ya biashara ikaniuliza namba ya usajili. Nikaweka namba ya usajili wa kampuni. Wakaikataa, na kumbe wako sahihi, mimi ndio nilikuwa sijui. Kusajili jina la kampuni na kusajili alama ya biashara ni vitu viwili. Cha kwanza kinakutambulisha kwamba upo na unafanya biashara kwa jina hilo, cha pili ndicho kinachokupa haki ya kumzuia mwingine asitumie jina na logo kwenye bidhaa za aina yako. Miaka saba nimetundika kile cheti ukutani nikiamini nimelindwa.

Alama inasajiliwa kwa makundi, yako 45 kimataifa, 34 ya bidhaa na 11 ya huduma, mikoba ya ngozi iko kundi la 18 na nguo ziko la 25, ukisajili la mikoba tu usidhani umejilinda na kwenye nguo. Na inalinda ndani ya nchi uliyosajili. Ukitaka nchi nyingine, kuna mkataba wa Paris wa 1883 unaokupa miezi 6 tangu uombe kwenu, ukiomba kwa nchi wanachama ndani ya muda huo unahesabiwa tarehe ile ya kwanza. Kitu kingine, ile alama ya herufi R ndani ya duara msiiweke kama hamjasajili, nchi nyingi ni kosa kisheria. Huyu tapeli kaiweka kwenye logo yetu, na tumeiandika kwenye malalamiko.

Sasa sisi tulipata njia wapi? Kwenye hakimiliki. Picha nilizopiga ni zangu toka siku nilipozipiga, na mchoro wa logo nao unalindwa bila kusajiliwa popote, hayo yako kwenye mkataba wa Berne ambao nchi nyingi sana za dunia zimo. Shida ikawa logo tulichorewa na yule kijana, tulimlipa tukashikana mikono hakuna karatasi, na sehemu nyingi kulipia mchoro peke yake hakukupi umiliki wake. Nilimtafuta siku mbili. Mungu ambariki, alikuja mwenyewe na kompyuta yake, akafungua faili la kwanza kabisa la logo lenye ule uzi uliokatika, tarehe ya kuliunda iko pale pale, akasaini karatasi ya kutuhamishia haki zote na hakutaka hata shilingi. Tukatuma picha zangu za asili, hilo faili na hiyo karatasi. Ndani ya siku mbili peji ya pili ikaondolewa na hajaweza kuirudisha. Tovuti bado iko hewani wakati naandika hii. Maombi ya alama ya biashara tumeyapeleka wiki iliyopita.

Kwa mliolizwa. Piga simu benki au kampuni ya simu uliyotumia kulipa leo hii, usisubiri kesho, hela ikiwa haijatolewa kuna uwezekano ikazuiwa, na kama ulilipa kwa kadi waambie unapinga malipo kwa sababu mzigo hukupata. Halafu karipoti polisi upewe namba ya taarifa, benki watakuuliza. Na muwe macho sana na wanaokuja inboksi kusema wanaweza kukurudishia hela zako ukilipa ada kidogo, yule mama wa kwanza alishafuatwa na wawili, mmoja wao anatumia picha ile ile ya tapeli wetu. Usilipe chochote.

Wamenishauri wengine niseme tu si sisi niishie hapo, nisijitafutie mzigo. Hela siwezi kuwarudishia maana haikuja kwetu na sisi ni watu wanne tu tunashona, lakini taarifa ya kila mmoja wenu naipeleka mimi pamoja na yetu kwenye faili moja, polisi wamesema wakiwa wengi kwenye namba moja ya malipo inawasaidia kumfuatilia. Nitumie kwenye ile namba iliyo ndani ya mkoba, au inboksi ya peji yetu, skrinshoti ya mazungumzo, jina lililotokea ulipotuma hela, na tarehe. Hata kama ni hela kidogo ukaona aibu kumwambia mtu, nitumie, halitatajwa jina lako popote. Ijumaa mchana naipeleka.