Bwana Tanzania, J.: miaka yangu miwili na Zotero

Msimamizi wangu alizungushia duara jekundu, kisha akanigeuzia karatasi. "Huyu Bwana Tanzania, jina lake la kwanza linaanza na J. Ni wa Kibosho au wa Machame?" Nilicheka kidogo, kwa tahadhari, maana sikuwa na hakika kama nimeruhusiwa kucheka. Kwenye orodha yangu ya marejeleo, katikati ya kina Swai na kina Temu, alikaa mwandishi anayeitwa "Tanzania, J." Ilikuwa ripoti ya serikali. Mwandishi wake ni Jamhuri ya Muungano wa Tanzania, nami kwa haraka nilijaza "Tanzania" kwenye kisanduku cha jina la ukoo, maneno mengine nikayasukuma kwenye jina la kwanza. Zotero, programu ya kompyuta inayotunza na kupanga marejeleo, ikafanya kama ilivyoagizwa.

Nimeitumia programu hii miaka miwili hapa Moshi, nikiandika tasnifu ya uzamili kuhusu vyama vya ushirika vya kahawa. Shahada ya kwanza niliandika marejeleo kwa mkono, moja moja, na usiku wa kuamkia siku ya kujalidi nilikuwa steshenari nikimwomba kijana wa pale anisaidie kupanga alfabeti. Safari hii nilikuwa na vyanzo 163. Nisingeweza.

Zotero haina malipo. Niliipakua nikiwa maktaba ili kunusuru bando langu, nikaweka na kile kidude chake kwenye kivinjari. Ukifungua makala ya jarida, unabofya mara moja, na jina la mwandishi, mwaka, jarida, kurasa, vyote vinaingia, mara nyingi na PDF yenyewe. Au unabandika DOI, ile namba ya utambulisho ya makala mtandaoni, au ISBN ya kitabu, inatafuta yenyewe. Jioni moja niliingiza makala zaidi ya 60 huku nikinywa chai. Tangu toleo la 6 la mwaka 2022 unaweza kusoma PDF humo humo, ukapaka rangi sentensi na kuandika maoni pembeni. Hapo nikajiona mtafiti kweli.

Kisha nikafika kwenye vyanzo vyangu vyenyewe. KNCU, chama kikuu cha ushirika cha wakulima wa kahawa Kilimanjaro, ilianzishwa 1933, ikirithi chama cha wakulima cha 1925, na habari zake nyingi nilizozihitaji hazipo kwenye intaneti. Zipo kwenye mafaili. Ripoti za mwaka, mihtasari ya vikao, barua za miaka ya kuelekea 1976 serikali ilipovunja vyama vikuu vya ushirika. Zote nilizipiga picha kwa simu, nikazigeuza PDF, nikaziburuta hadi Zotero. Kimya. Picha ya karatasi iliyopigwa taipu haina DOI. Ikabidi nijaze kila kitu kwa mkono, na hiyo kazi ilikula Jumamosi zangu tatu. Lakini niwe mkweli: visanduku vya kujaza vilikuwepo. Kuna aina ya barua, ya mahojiano, ya mswada ambao haujachapishwa. Programu hii ilitoka Chuo Kikuu cha George Mason, Marekani, mwaka 2006, kwenye kituo cha wanahistoria, na inaonekana. Watu wa mafaili walikumbukwa.

Turudi kwa Bwana Tanzania. Kosa langu la pili lilikuwa kumrekebisha ndani ya Word. Nilifuta, nikaandika Jamhuri kwa ukamilifu, nikafurahi. Nikaongeza nukuu moja sura ya tatu, orodha ikajisasisha, na bwana yule akarudi na J yake. Orodha iliyo kwenye Word ni kivuli tu, mwenyewe yuko Zotero. Pale pembeni ya jina la mwandishi kuna kitufe kidogo kinachounganisha visanduku viwili kuwa kimoja. Kwa wizara, benki, chama, taasisi yoyote, bonyeza hicho kwanza ndipo uandike.

Majina yetu yana mitego mingine. Sehemu moja niliandika Julius K. Nyerere, sehemu nyingine, kwa heshima, nikaweka Mwalimu mbele. Mtindo wa marejeleo wa APA ukaona watu wawili tofauti wenye ukoo mmoja, ukaanza kuwatenganisha ndani ya sentensi: hapa J. K. Nyerere, pale M. J. K. Nyerere. Heshima ibaki moyoni, kwenye kisanduku weka jina. Na nilipobadilisha mtindo kuwa Chicago kwa ajili ya makala ya jarida, vichwa vya Kiswahili viliota herufi kubwa za ajabu, "Ushirika Na Maendeleo Ya Wakulima." Dawa yake ni kuandika sw kwenye kisanduku cha lugha, basi inaviacha kama ulivyoviandika.

Nafasi ya bure ya Zotero ya kuhifadhi mafaili mtandaoni ni MB 300. Kwa makala za kawaida inasogea, kwa picha zangu za mafaili ilijaa mwezi wa tatu. Kuongeza hadi GB 2 ni dola 20 kwa mwaka, nami sikulipa. Nilizima usawazishaji wa mafaili, yasipandishwe mtandaoni, nikaacha taarifa za marejeleo tu, ambazo hazina kikomo. Kila Ijumaa nafunga programu na kunakili folda nzima kwenye diski ya nje. Usijaribu kuliweka folda hilo ndani ya Google Drive au Dropbox ukidhani umejiokoa, kanzidata inaweza kuharibika.

Mwenzangu wa chumba anatumia Mendeley, programu nyingine ya marejeleo, ya kampuni ya Elsevier, anapata GB 2 za bure na hana shida nayo, ila vyanzo vyake vyote ni makala za majarida ya tiba. EndNote ni ya kununua, sikuigusa. Kwa mtu wa nyaraka na mahojiano nasema Zotero, na uanze siku unayopata mada. Mimi nilianza sura ya pili ikiwa imeshaandikwa, nikalazimika kurudi na kupandikiza nukuu moja moja.

Nakala ya mwisho niliipeleka kwa msimamizi siku ya Jumatatu. Hakuanza na muhtasari. Alifungua nyuma kabisa, akapitisha kidole kwenye herufi T, kutoka Swai moja kwa moja hadi Temu.

"Eeh," akasema, "kumbe Bwana Tanzania kahama."