Sifa ya Swala ya Mtume, cha al-Albani: kisome kuanzia utangulizi

Wanaodhani Masalafi (Waislamu wanaojinasibisha na mwenendo wa vizazi vya mwanzo vya Uislamu) huwatupa maimamu wanne wa madhehebu ya fiqhi wasiuruke utangulizi wa kitabu hiki. Humo al-Albani (1914–1999), mwanachuoni wa hadithi wa Kisalafi, ananukuu kauli za Abu Hanifa, Malik, Shafii na Ahmad zinazotaka hadithi sahihi itangulizwe kuliko rai zao. Sehemu hiyo ni hazina. Kisha swala inaelezwa hatua kwa hatua, takbiri hadi salamu, kwa hadithi zake.

Upungufu: msomaji mpya haonyeshwi vya kutosha namna ya kupima dalili zinazogongana, hivyo hudhani suala limekwisha. Halijaisha. Kufunga mikono baada ya kuinuka kwenye rukuu, al-Albani anaiita bidaa, yaani uzushi katika dini. Ibn Baz, mwanachuoni wa Saudia na Msalafi mwenzake, aliiona sunna. Soma pia fiqhi ya Kihanbali, madhehebu ya Muhammad bin Abdul-Wahhab mwenyewe, mwanachuoni wa Najd ambaye Masalafi wengi humfuata.