NotifyIcon ya Windows Forms, baada ya miezi mitatu ya kuitumia

Nina programu niliyoiandika mwenyewe, inanakili faili za kazi kila baada ya dakika 20. Haina haja ya kutazamwa, ila dirisha lake lilikuwa wazi siku nzima, na mara mbili mwenzangu alilifunga akidhani limesahaulika. Tukakosa nakala za siku mbili. Ndipo nikaamua ikae kwenye trei, kando ya saa, kwa kutumia NotifyIcon, sehemu ya Windows Forms (zana za .NET za kuunda programu zenye madirisha) inayoweka aikoni ya programu kwenye trei.

Kuanza ni rahisi mno. Kwenye tukio la Resize (dirisha linapobadilika ukubwa) unakagua kama WindowState, yaani hali ya dirisha, imekuwa Minimized (limepunguzwa hadi kwenye mwambaa wa kazi). Ikiwa ndivyo, unaita Hide(), na dirisha linatoweka hata kwenye mwambaa wa kazi. Kulirudisha ndiko kunakotaka uangalifu. Ukiita Show() peke yake dirisha linarudi likiwa bado limepunguzwa, na mtumiaji anabofya aikoni tena na tena bila kuona kitu. Rudisha WindowState kuwa Normal, kisha ita Activate() lije mbele.

Jioni yangu ya kwanza ilipotea kwa sababu niliweka Visible (ionekane) ya NotifyIcon kuwa true bila kuipa sifa ya Icon picha yoyote. Haitoi kosa, haitoi onyo. Programu ilijificha kweli, na hapakuwa na mahali pa kuibofya. Nikaisimamisha kupitia Task Manager. Kwa hili naipunguzia alama, maana onyo moja tu lingetosha.

Kuna pia aikoni mfu. Programu ikifa ghafla, aikoni yake hubaki kwenye trei mpaka kipanya kipite juu yake. Siku moja nilizikuta saba zimejipanga, zote za majaribio yangu. Sasa naita Dispose(), inayoondoa aikoni, kila programu inapofungwa, na hubaki moja tu pale mchakato unapouawa kwa nguvu. Maelezo ya aikoni nayo, yale yanayotokea kipanya kikiwa juu yake, kwenye .NET Framework (.NET ya zamani) hayazidi herufi 63. Njia ndefu ya folda haienei.

Nikipewa kuchagua tena, nitaichagua hiyo hiyo. Ila ukiifanya alama ya X ifiche dirisha badala ya kulifunga, kwenye FormClosing (tukio la dirisha kutaka kufungwa) zuia kufungwa pale tu CloseReason, yaani sababu ya kufungwa, inapokuwa UserClosing (mtumiaji ndiye anayefunga), la sivyo utakwamisha uzimaji wa kompyuta. Na kwenye menyu ya aikoni weka “Toka”. Mtu lazima awe na njia ya kuifunga programu anapotaka.