Labridi wa tangi la matumbawe: nani umnunue kwanza, nani mwisho, na nani umwache dukani

Ukiingia duka la samaki wa baharini, labridi ndiye atakayekuvuta macho kwanza, maana hatulii. Wenzake wamesimama wanapepea mapezi, yeye yuko mbioni, anachungulia tundu hili, anadonoa jiwe lile. Ni ndugu wa pono, wa familia ya Labridae yenye aina zaidi ya 500, na bahari yetu imejaa hao. Shida ni kwamba watu wengi huwanunua kwa rangi. Baada ya miezi miwili mtu anabaki na samaki mmoja mrembo, na wengine wote wamejibanza kwenye kona moja, mikia imeliwa.

Orodha hii ni ya mwenye tangi la lita 200 hadi 400 lenye matumbawe na samaki wachache wapole, kwa mfano wale wa rangi ya chungwa wanaolala kwenye anemoni. Nimewapanga kwa amani ya nyumba kwanza, uzuri baadaye. Natumia majina ya kisayansi kwa sababu ya dukani hubadilika kutoka duka hadi duka. Ukitaja la kisayansi utaletewa samaki yuleyule, uwe Mombasa, Muscat au Minneapolis.

Nafasi ya kwanza: Halichoeres iridis, au binamu yake H. chrysus

Huyu iridis ni wa kwetu, wa magharibi mwa Bahari ya Hindi. Mwili ni wa damu ya mzee, kichwa cha manjano iliyoiva chenye michirizi ya kijani na buluu. Hukua hadi kama sentimita 11, anakula vizuri, na ukali wake ni wa kawaida: atamfukuza mgeni siku mbili tatu kisha atasahau. H. chrysus ni wa manjano mwili mzima na madoa meusi kwenye pezi la mgongo, hutoka mashariki zaidi, kwa kawaida ni rahisi kupatikana, na ndiye ninayempendekeza kwa anayeanza.

Wote wawili ni wafanyakazi. Wanadonoa minyoo bapa na vikonokono vidogo vinavyonyonya chaza. Lakini mdomo huohuo hautachagua: kamba wadogo sana na minyoo mizuri ya kwenye mawe nayo italiwa. Na lazima wapate mchanga laini wa kina cha sentimita 5 au zaidi, maana hulala humo. Siku ya kwanza atazama mchangani na unaweza usimwone siku tatu, hata wiki. Usimfukue. Nimeshuhudia samaki mzima akiuawa na kijiti cha mtu aliyetaka tu kuhakikisha kama yuko hai.

Nafasi ya pili: Cirrhilabrus exquisitus

Kwa uzuri huyu angekuwa wa kwanza. Anapatikana kuanzia pwani ya Afrika Mashariki hadi visiwa vya mbali vya Pasifiki, na dume akitamba mbele ya jike hubadili rangi papo hapo, buluu ikawaka ubavuni kama mtu amewasha taa ndani yake. Hagusi matumbawe, hali kamba wa kawaida, na ugomvi wake ni na madume wa jamii yake tu. Basi weka dume mmoja, au anza na majike. Labridi hawa huzaliwa majike na mkubwa wao hugeuka dume, kwa hiyo ukinunua wadogo wawili au watatu kwa pamoja watapangana wenyewe.

Kilichomshusha nafasi ni kuruka. Wa kwangu alipita kwenye pengo la nyaya za pampu, upana wa vidole viwili, kwenye tangi ambalo sehemu nyingine yote nilikuwa nimeifunika. Nilimkuta asubuhi nyuma ya kabati, amekauka, ile buluu imegeuka kijivu. Nunua wavu wa plastiki wenye matundu ya milimita 6 kabla hujanunua samaki, uukate uzunguke kila waya. Wavu wa mbu hauna haja, unapunguza mwanga wa matumbawe bure.

Jamaa zake wa kundi hili wapo wengi, na wanasayansi bado wanawagundua. Mwaka 2019 walieleza aina mpya kutoka Zanzibar, Cirrhilabrus wakanda, anayeishi kina cha mita 50 hadi 80. Magamba yake ya zambarau hubaki na rangi hata baada ya kuhifadhiwa kwenye dawa maabara. Fikiria: samaki wa namna hiyo alikuwa chini ya mashua zetu miaka yote na hakuwa na jina. Sikutajii ili ukamtafute dukani. Nakutajia ujue utajiri wa bahari hii.

Nafasi ya tatu: Paracheilinus na Wetmorella

Paracheilinus ni mpole kuliko wote waliotangulia, mwembamba, dume akitanua mapezi unasahau chai yako. Lakini upole huo ni udhaifu akiwekwa na wakali, hivyo awe wa kwanza kuingia. Naye huruka. Wetmorella nigropinnata ni wa sentimita 8 tu, mwenye haya, anafaa tangi dogo la lita 100 lisilo na fujo. Usitegemee kumwona kila saa.

Nafasi ya nne: Pseudocheilinus hexataenia, yule wa mistari sita

Hapa nataka tukae kidogo, kwa sababu huyu ndiye anayenunuliwa sana na ndiye anayejutiwa sana. Bei yake ni nafuu, umbo lake dogo, hata sentimita 8 wengi hawapiti, rangi ya zambarau yenye mistari sita ya chungwa, mkia wa kijani, jicho jekundu. Muuzaji atakwambia anakula wadudu wabaya, na ni kweli. Wiki ya kwanza atajificha. Mwezi wa pili ameshajua kila tundu, na tangi lote ni mali yake.

Mwangalie anavyofanya mgeni akiingia. Hamrukii moja kwa moja. Anatoka kwenye jiwe, anapita ubavuni kwake polepole, anazunguka nyuma, anageuza lile jicho jekundu, kisha anadonoa mkia mara moja na kurudi tunduni. Dakika mbili baadaye anarudia. Siku nzima. Mgeni hafi kwa kidonda, anakufa kwa kukosa raha ya kula. Ndiyo maana watu huona samaki amekonda na kudhani ni ugonjwa.

Nimemweka nafasi ya nne wala sijamkataa, kwa sababu kuna namna ya kuishi naye. Awe samaki wa mwisho kabisa kununuliwa, na baada yake usiongeze mdogo wala mwembamba. Usimweke kwenye tangi la chini ya lita 200. Usimchanganye na Paracheilinus wala na labridi mwingine wa umbo lake.

Kama tayari unaye na unataka kuongeza mgeni, mweke mgeni kwenye kiboksi cha plastiki angavu chenye matundu, kining'inie ndani ya tangi siku 5 hadi 7, walishwe wakionana. Siku ya kumwachia, panga upya mawe machache ili mwenyeji naye apotee njia, na bandika kioo cha kujitazamia nje ya tangi upande mmoja. Atapigana na kivuli chake, mgeni apate nafasi ya kula. Mbinu hii imenifaa mara mbili. Mara ya tatu haikunifaa, nikamtoa yule wa mistari sita kwa mtego wa chupa na kumpeleka kwa mwenzangu mwenye tangi la samaki wakubwa.

Usiku ukimmulika kwa tochi utamkuta ndani ya jiwe, amejifunika utando wa ute kama mtoto ndani ya chandarua. Ni mzuri sana wakati huo.

Nafasi ya tano: Macropharyngodon bipartitus

Huyu si mkali hata kidogo. Jike la chungwa lenye madoa meupe na tumbo jeusi, linatoka kwetu. Tatizo ni njaa: hula viumbe vidogo mno vya mchangani na kwenye mawe, na wengi hufa bila kugusa chakula cha kununua. Tangi liwe na umri wa mwaka au zaidi ndipo umfikirie.

Wa kuacha dukani

Coris cuvieri mdogo ni kishawishi: kidole kimoja cha wekundu wa chungwa wenye mabaka meupe. Hukua karibu sentimita 40, anapindua mawe na kula kamba na konokono wako wote. Coris aygula hupita mita 1. Thalassoma lunare na Gomphosus caeruleus ni wa matangi makubwa ya samaki wakali. Na Labroides dimidiatus, yule daktari anayesafisha wenzake, mwache baharini: kazi yake huko ni kubwa, na kwenye tangi wengi wao hufa njaa.

Ukishachagua, usilipe kabla hujamwona akila. Mwambie muuzaji, "Kaka, naomba umlishe uduvi nione." Anayekimbilia chakula ni wako. Angalia tumbo lisiwe limebonyea nyuma ya kichwa, na mdomo usiwe na jeraha jeupe, maana labridi wa mchangani hugonga chini ya mfuko wakisafirishwa wakitafuta pa kuzama. Uliza amefika lini. Kama ni jana, tunza pesa yako na urudi baada ya wiki. Hata akiuzwa kwa mwingine, hilo ni bora kuliko kumbeba samaki ambaye bado hajaamua kula.