TAHADHARI wenye magari Dar: usiuziwe kontroli boksi (kompyuta ya gari) kabla nyaya hazijapimwa

Kuna mchezo kwenye baadhi ya gereji na maduka ya vipuri vya mtumba upande wa Ilala, na mvua za masika ndizo zinazowaletea wateja. Gari limepita kwenye maji pale Jangwani, kesho yake taa za dashibodi zinawaka kama zote. Fundi anachomeka mashine, anakuonyesha kodi (msimbo) ya hitilafu inayoanza na U, tuseme U0100, kisha: "Bosi, kontroli boksi imekufa. Ninayo ya mtumba, laki nane tu, ile mbovu niachie."

Usitoe hela.

U0100 inasema mawasiliano na boksi la injini yamepotea. Haisemi boksi limekufa! Maboksi ya injini, breki za ABS na mengineyo yanapeana taarifa kupitia nyaya mbili zilizosokotwa pamoja, mfumo wa CAN ambao Bosch waliutangaza mwaka 1986. Waya ukikatika, plagi ikiingia kutu au fyuzi ya boksi ikiungua, hata boksi lisilo na ubovu wowote linanyamaza, na kodi inayotoka ni hiyohiyo.

Shemeji yangu kaambiwa hivyo, akatoa advansi. Fundi umeme mwingine akachomoa betri, akaweka mita ya kupimia ukinzani wa waya (omu) kwenye pini ya 6 na ya 14 za soketi ile ya kuchomekea mashine. Kila ncha ya laini hiyo ya nyaya mbili ina rezista (kipingamizi cha umeme) ya omu 120, zikiwa zote mbili mita inasoma karibu 60. Yake ilisoma 120, maana yake upande mmoja umeachia. Akafuata waya hadi kwenye plagi moja, akakuta pini imeoza, imekuwa kijani. Kabadilisha pini, taa zikazima. Advansi hadi leo anazungushwa.

Mita ikisoma karibu na 0, nyaya zimegusana. Ikisoma 60, bado umeme na earthi ya boksi vipimwe. Magari mengine yana laini zaidi ya moja, kwa hiyo tafuta fundi mwenye mchoro wa nyaya za gari lako.

Hata boksi likiwa limekufa kweli, la mtumba lazima namba zifanane, na kwa gari lenye imobilaiza (kinga ya wizi inayotambua funguo) injini inaweza isiwake mpaka funguo zisajiliwe upya. Hiyo gharama hawaitaji mapema. Na boksi lako la zamani ondoka nalo, lipige picha namba kabla halijafunguliwa.