Tikka T3x Lite ya .308: Ile Dhamana ya "1 MOA" Uitegemee kwa Kiasi Gani?

Habari zenu watazamaji, karibuni tena. Leo mezani tuna bunduki ya kuwindia, Tikka T3x Lite, inayotumia risasi za .308 Winchester. Bolti iko nje, magazini iko nje, mtutu umeelekea ukutani, kwa hiyo tuzungumze kwa amani. Swali ni lile linaloulizwa kila bunduki hii ikitajwa: inapiga kwa usahihi gani hasa?

Nianze na jibu kabisa, asiye na muda aondoke nalo. Kwa risasi za kawaida za kuwindia, ukiwa umelaza bunduki kwenye mifuko ya mchanga na umetulia, tegemea risasi 5 ziingie ndani ya sentimita 3 mpaka 4.5 kwa mita 100. Ikipiga vizuri kuliko hapo, shukuru. Ikivuka sentimita 6 kila mara, kuna kitu hakijakaa sawa, na mara nyingi kitu hicho si mtutu.

Sasa mbona tangazo linasema 1 MOA? MOA ni dakika ya pembe: chukua digrii moja, igawe mara 60, kipande kimoja ndicho hicho. Kwa mita 100 kina upana wa milimita 29, kwa mita 200 ni 58, kwa mita 300 ni 87. Tikka hutengenezwa Riihimäki, Ufini, kwenye kiwanda cha Sako, na ahadi yake ni risasi 3 ndani ya MOA moja kwa yadi 100 (kama mita 91). Sako yenyewe, inayotoka kiwanda hichohicho na bei yake ikiwa juu zaidi, huahidi risasi 5. Watu husoma hiyo "1 MOA" wakaishia hapo, kumbe idadi ya risasi ndiyo yenye uzito.

Kadiri unavyopiga risasi nyingi kwenye karatasi moja ndivyo kundi la matundu linavyotanuka, hata kama bunduki ni ileile na mpigaji ni yuleyule. Kihesabu, kundi la risasi 5 kwa wastani huwa kubwa kuliko la risasi 3 kwa asilimia kama 27, na la risasi 10 kwa asilimia kama 58. Maana yake, bunduki yenye wastani wa milimita 29 kwa risasi 3 itakupa kama 37 ukipiga 5, na kama 46 ukipiga 10. Hapo kiwanda hakijakudanganya. Isitoshe, kundi la risasi 3 halina msimamo: sasa hivi milimita 15, dakika kumi baadaye 40, na hakuna ulichobadilisha. Ukiona picha mtandaoni ya matundu matatu yaliyobanana na sarafu pembeni, muulize mwenyewe karatasi nyingine za siku ile ziko wapi.

Bunduki yenyewe haraka haraka. Mtutu una sentimita 57, umefuliwa kwa nyundo bila kupashwa moto, na mifereji yake ya ndani inazunguka mara moja kila inchi 11. Uzito ni kama kilo 3 bila darubini. Magazini inabeba risasi 3. Mpini wa bolti unainuka digrii 70 tu kuifungua, kwa hiyo mkono haugongi darubini, na inateleza vizuri mno kwa bei yake. Kifyatulio unakirekebisha kati ya kilo 1 na 2. Cha porini mimi nakishauri kilo 1.5, kwa sababu kidole chenye baridi au chenye haraka hakihisi vizuri chini ya hapo. Kasoro yake imetoka kulekule kwenye sifa yake: ni nyepesi. Mtutu mwembamba unapata moto upesi, na bunduki ya kilo 3 ya .308 inapiga teke la kutosha kumfanya mtu akunje uso kabla hajafyatua.

Namna ya kuipima. Chukua kasha moja la risasi 20, kichwa cha gramu 9.7 au 10.7, zote za namba ileile ya uzalishaji. Namba hiyo imechapwa kwenye kasha. Ukibadili uzito wa kichwa au hata namba ya uzalishaji, mahali inapopiga panaweza kuhama, basi ukipata zinazoikubali bunduki yako, nunua za kukutosha. Piga makundi manne ya risasi 5. Mifuko ya mchanga iwe chini ya sehemu ya mbele ya kitako (ule mwili wa mbao au plastiki unaobeba mtutu), kamwe isiguse mtutu, na mmoja mdogo nyuma. Baada ya kila kundi acha bolti wazi mpaka uweze kuushika mtutu bila kuondoa mkono. Wanaotaka kumaliza kasha ndani ya dakika kumi wanapima joto, hawapimi bunduki.

Kupima kundi nako kuna njia yake. Tazameni karatasi hii karibu. Nachukua matundu mawili yaliyo mbali zaidi, napima kutoka ukingo wa nje wa hili mpaka ukingo wa nje wa lile: milimita 41. Natoa upana wa risasi moja, 7.8, tuseme 8. Inabaki 33 kati kwa kati, sawa na MOA 1.1. Ukisahau kutoa hizo 8 unaionea bunduki. Na lile tundu ulilolikasirikia, unalotaka kulifuta kwa kusema "nilitikisika", lihesabu. Wastani wa makundi yote manne ndio uwezo wako na bunduki yako.

Ikiwa wastani ni mbaya, karatasi itakuambia pa kuangalia. Matundu yakigawanyika makundi mawili, kila moja limebanana, kwanza shuku skrubu. Skrubu za pete za darubini kwa kawaida hukazwa kama 2 Nm (nyutoni-mita, kipimo cha nguvu ya kukaza), ila soma maelezo ya pete zako. Za chini zinazoshika chuma na kitako, fuata kipimo kilichoandikwa kwenye kitabu cha bunduki. Tumia toki renchi, spana inayopima nguvu ya kukaza. Mkono unaosema "hapa imekaza" umeshabonyeza bomba la darubini nyingi tu. Matundu yakipanda au kuhamia upande mmoja kadiri unavyopiga, mtutu ukipoa yakarudi, pitisha kipande cha karatasi kati ya mtutu na kitako. Kipite bila kukwama mpaka karibu na chemba, pale risasi inapokaa kabla ya kufyatuliwa. Vitako vya plastiki hupinda, kwa hiyo rudia jaribio hilo bunduki ikiwa imelala kwenye mifuko au kwenye miguu miwili ya mbele, kwa uzito wako. Hapo ndipo vingine hugusa. Yakijipanga wima, tazama kwanza kama mifuko inaketi mahali palepale kila risasi, kisha pumzi zako. Yakijipanga mlalo ni upepo au kidole. Upepo wa pembeni wa mita 4 hadi 5 kwa sekunde unasukuma risasi hii kama sentimita 2 kwa mita 100, na 8 hivi kwa mita 200, kwa hiyo asubuhi na mapema ndiyo saa ya kupima.

Darubini nayo: nyingi za kuwindia zimewekwa kiwandani zione sawasawa kwa mita 100 hivi. Ukilenga mbali zaidi huku jicho limekaa pembeni ya kioo, msalaba unahama ingawa bunduki imetulia. Shavu likae mahali pamoja.

Tuje porini. Eneo la moyo na mapafu ya swala pala ni kama sentimita 15. Bunduki ya MOA 1.5 kwa mita 200 inatawanya sentimita 8.7, yaani karibu 4.4 tu kila upande wa ulipolenga. Inatosha na chenji inabaki. Shida ni kwamba ukiwa umesimama, bunduki imeegemea fimbo tatu zilizofungwa pamoja na umetoka kutembea, wengi wetu hutawanya MOA 3 au 4. Kuhangaika kuishusha bunduki kutoka MOA 1.3 hadi 0.9 hapo hakukusaidii kitu. Pesa hiyo nunua risasi, ufanye mazoezi kwenye fimbo.

Isawazishe ipige sentimita 4 juu kwa mita 100. Kwa mita 200 itakuwa sentimita chache chini, hulazimiki kugusa darubini. Darubini ya robo MOA husogea milimita 7 kwa kila kliki kwa mita 100. Na futa mafuta yote ndani ya mtutu kabla ya safari: risasi ya kwanza ikipita kwenye mafuta inaweza kwenda kivyake, na porini hiyo ya kwanza ndiyo yenye kazi.

Kwa walio Tanzania, .308 ni ya swala, nyumbu na jamii hiyo, ukiwa na leseni ya silaha na kibali cha uwindaji. Nyati, simba na tembo wanaanzia .375. Kenya uwindaji umepigwa marufuku tangu 1977, kwa hiyo huko haya yote ni ya uwanja wa shabaha.

Na kama umekagua skrubu, mtutu haugusi, umejaribu risasi za aina tatu na darubini nyingine, na wastani bado unavuka MOA 2, irudishe dukani na karatasi zako zote, kila moja imeandikwa umbali, aina ya risasi na tarehe. Karatasi moja mbaya duka litakwambia ni mkono wako. Makundi manane yenye maandishi hawana cha kujibu.