Makai paka ya Parklands: nenda, ila agiza mapema

Mwendo mfupi kwa miguu kutoka Diamond Plaza kuna hoteli ndogo ya mboga tupu, meza chache, feni moja darini, na makai paka, yaani mahindi ya kupikwa kwa tui la nazi na njugu, ambayo mimi sijaonja mfano wake hapa Nairobi.

Inakuja kwenye bakuli la chuma, bado inatoa mvuke. Gunzi limekatwa vipande vinene kama vidole viwili, vimezama kwenye tui zito lililopakwa rangi na manjano. Njugu zimesagwa lakini hazikufanywa unga, kwa hivyo ukitafuna unazisikia. Pilipili mbichi zimepasuliwa katikati zikaachwa nzima, usipozitaka unazitoa. Juu dania iliyokatwa sasa hivi, na kipande cha ndimu pembeni. Kijiko wataleta, ila usikitumie. Shika gunzi kwa vidole, fyonza tui kwanza, halafu ndio utafune punje. Mama mwenye hoteli anasema siri ni moto mdogo na mkono usiokoma kukoroga, maana tui likichemka kwa fujo linakatika na mafuta yanaelea juu. Lake halikuwa limekatika hata kidogo.

Menyu imeiweka chini ya kichwa "Vyakula vya Kihindi", na hapo mimi sikubaliani nao. Nilimwambia mama. Yeye amezaliwa Nairobi, wazee wake walitoka Gujarat, na nyumbani wanaongea Kigujarati. "Kihindi nimekipata kwenye filamu, beta (mwanangu)," aliniambia huku akipangusa meza ya jirani. Ndivyo walivyo wengi wa Wahindi wetu hapa mjini: ni Kigujarati, Kikachi, Kipunjabi. Kihindi chenyewe ni lugha ya Delhi na majimbo ya kaskazini, na katiba ya India ya 1950 ndiyo iliyokifanya lugha rasmi ya shirikisho.

Na hata huko, jina lenyewe lilitoka kwa majirani. Mto ambao kwa Kisanskriti ni Sindhu, Waajemi wa kale waliuita Hindu, kwa kuwa penye s ya wenzao wao walitamka h. Wagiriki wakalipata kwa Waajemi, wakaiangusha hiyo h, likawa Indos, na humo ndimo ilimotoka India. Waarabu wakabaki na Hind, na chochote cha huko kikaitwa hindi. Sisi tukapata Mhindi, Bahari ya Hindi, na mahindi.

Zao la mahindi asili yake ni Mexico. Lilivuka bahari baada ya Columbus kufika Amerika mwaka 1492, na lilipotua pwani yetu lilipokewa kama kitu cha ng'ambo, likapewa jina la ng'ambo tuliyoijua. Waturuki wamefanya vivyo hivyo kwa bata mzinga, ndege wa Amerika pia: wao wanamwita hindi. Wafaransa wanamwita dinde, yaani wa India. Mgujarati naye, ambaye sisi tumelipa zao jina lake, analiita makai! Kwa hivyo bakuli langu lilikuwa na zao la Mexico kwa jina la Kigujarati, limepikwa kwa tui kama jikoni za Mombasa, na hiyo "paka" ni ile ile ya kuku wa kupaka. Chakula hiki kimezaliwa huku Afrika Mashariki, kwenye nyumba za watu waliohamia na kubaki, na ningependa sana menyu iseme hivyo.

Ukwaju wao nao usikupite. Unaletwa na bajia za viazi, mweusi, una jira na sukari guru, mkali kiasi cha kukufumbisha jicho. Waarabu wanauita tamr hindi, tende ya India, na Waingereza wakapatia hapo tamarind yao, ilhali mkwaju ni mti wa Afrika. Mogo ya kukaanga (ni muhogo wetu huo) ilikuwa kavu na imepoa. Sitaiagiza tena.

Kasoro kubwa ni mahindi yenyewe. Wanatumia yale matamu ya manjano, na tui la nazi lina utamu wake tayari, kwa hivyo ukifika kipande cha nne ulimi unachoka. Mahindi meupe machanga, yale yanayochomwa barabarani, yangelinywa tui vizuri zaidi na kutafunika. Nilimwomba mama ajaribu. Akasema wateja wake wa zamani wanataka hayo meupe, ila wauzaji wa sokoni humletea yaliyokomaa mno. Namwelewa, lakini kwa bei hii ningetaka ahangaike kidogo zaidi.

Bei ni shilingi 650 kwa bakuli linalomtosha mtu mmoja mwenye njaa, chapati mbali. Kodi huongezwa mwishoni na menyu haisemi, jambo ambalo si haki kwa mteja aliyehesabu pesa zake kabla ya kuketi. Chai ya masala ni nzuri, tangawizi inasikika.

Makai paka hupikwa Jumamosi peke yake, sufuria moja, na saa nane mchana huwa imekwisha. Piga simu asubuhi wakuwekee.